Shauku ya Hekima: Musa bin Maymun na Mwanafunzi Aliyetoka Sabta

Kitabu cha Dalalat al-Ha'irin, yaani mwongozo wa waliotatizika, hakianzi na falsafa. Kinaanza na barua. Mwalimu anamwandikia mwanafunzi wake aliyekwisha ondoka na kumkumbusha jinsi walivyojuana. Kwanza zilitangulia nyaraka na maqama za mwanafunzi, zilizotumwa kutoka Iskandaria, zimejaa hamu ya kuyajua mambo makubwa. Kisha akaja mwenyewe. Mwalimu hafichi kwamba tungo zile zilimpendeza. Lakini anasema pia, kwa uwazi ambao ungemchoma kijana yeyote, kwamba alijiuliza moyoni: je, huyu shauku yake si kubwa kuliko fahamu yake?

Mwalimu huyo ni Musa bin Maymun, Myahudi wa Qurtuba aliyeishi Misri, ambaye Mayahudi humwita Rambam na Wazungu humwita Maimonides. Mwanafunzi ni Yusuf bin Yehuda bin Shimon, mtu wa Sabta, bandari ya Maghribi iliyo kwenye mlango wa bahari unaoitenga Afrika na Andalusi. (Wengi wamemchanganya na Yusuf bin Aknin, mwanachuoni mwingine wa zama zile zile aliyeishi Fas. Ni watu wawili.) Kitabu kiliandikwa kwa Kiarabu na kumalizika yapata mwaka 1190 Miladia. Anayetaka kujua namna Mayahudi wa zama zile walivyoifikiri shauku ya hekima atafanya vyema kuanzia kwenye barua hii, maana ndani yake shauku haisifiwi tu. Inatiwa kwenye mizani.

Neno lenyewe si geni kwetu. Hekima yetu ni hikma ya Waarabu, na hikma ni ndugu wa khokhma ya Kiebrania. Mzizi wao mmoja. Ila Kiswahili kimelitakasa neno. Kwetu mwenye hekima ni mtu mtulivu, mpole wa maneno, anayejua kusuluhisha. Katika Kiebrania cha vitabu vya kale maana ni pana zaidi, na Musa bin Maymun, katika sura ya mwisho kabisa ya Dalalat, anazitaja maana hizo moja moja. Kuna hekima ya kuujua ukweli unaomfikisha mtu kumjua Mwenyezi Mungu. Kuna hekima ya mikono, ya seremala na mfua dhahabu na mfumaji. Kuna hekima ya tabia njema. Na kuna hekima ya hila na vitimbi, hata vya shari. Kwa hiyo mtu anaweza kuitamani hekima na asijue ni ipi anayoitamani, na hapo ndipo wanavyuoni wa Kiyahudi walipoanzia kuhangaika.

Vitabu vyao vya kale vimeichora shauku hii kwa sura nyingi. Katika Mithali hekima ni mwanamke anayesimama njia panda akiwaita wapitao. Katika kitabu cha Ayub watu wanachimba migodi, wanatoa fedha na johari katika giza la ardhi, lakini mahali pa hekima hapafikiwi kwa sururu. Nabii Suleiman, katika mapokeo ya Kiyahudi, alipoambiwa usingizini aombe alitakalo, hakuomba umri wala mali wala kuangamia kwa maadui. Aliomba moyo wa kufahamu.

Wakaja wanavyuoni wa Talmud, nao wakaishusha hadithi hiyo kutoka kwa wafalme hadi kwa vibarua. Wanasimulia habari ya Hillel, maskini aliyetoka Babeli. Ujira wake wa siku ulikuwa mdogo sana, na nusu yake alimpa bawabu wa nyumba ya darasa ili aruhusiwe kuingia. Nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa chakula cha nyumbani kwake. Siku moja hakupata kazi, na bawabu hakumfungulia. Akapanda juu ya paa, akajilaza kwenye dirisha la darini ili asikie masheikh wawili, Shemaya na Avtalyon, wakisomesha. Ulikuwa usiku wa kuamkia Sabato, katikati ya kipupwe, na theluji ikamfunika. Alfajiri masheikh wakashangaa mbona chumba kina giza. Wakainua macho, wakaona umbo la mtu. Wakamteremsha, wakamwosha, wakamweka mbele ya moto, wakasema mtu kama huyu anastahiki Sabato ivunjwe kwa ajili yake. Talmud haiitoi hadithi hii kwa ajili ya kuliwaza. Inaitoa kama hoja dhidi ya kila maskini atakayedai kwamba njaa ndiyo iliyomzuia kusoma. Nikiri kwamba sijawahi kuisoma bila ya kumfikiria bawabu yule. Hadithi haisemi neno juu yake.

Musa bin Maymun aliijua hadithi ya Hillel tangu utotoni, kama kila mtoto wa chuoni wa Kiyahudi. Lakini lililomtia hofu lilikuwa jambo jingine. Talmud hiyo hiyo inasimulia habari ya wanne walioingia katika bustani, yaani katika siri za elimu ya Mungu: mmoja alikufa, mmoja alirukwa na akili, mmoja alipotoka, na Akiva peke yake ndiye aliyetoka salama. Katika Dalalat, Musa anaifafanua hadithi hii kwa jicho la tabibu. Akili ni kama jicho, asema. Ukililazimisha kuangalia kitu kidogo mno au kilicho mbali mno, si tu kwamba hutakiona, bali hata vile ulivyokuwa ukiviona vitaanza kufifia. Anakumbusha pia kwamba Mithali yenyewe inamwonya mtu asile asali kupita kiasi akaja kuitapika. Mfano huo ni wa ajabu kidogo, maana hakusema sumu. Amesema asali.

Kuna sehemu nyingine katika kitabu hicho ambayo kila mwalimu angeitambua. Mchukue mtu yeyote, anasema Musa, hata mjinga kuliko wote. Mwamshe kama anavyoamshwa aliyelala, umuulize: je, wataka kujua sasa hivi mbingu ni ngapi na umbo lake, malaika ni nini, ulimwengu uliumbwaje na kwa makusudio gani, na roho huingiaje katika mwili? Bila shaka atasema ndiyo, nataka. Na kweli anataka. Shauku hiyo imo katika maumbile ya mwanadamu. Ila anataka aambiwe kwa neno moja au mawili. Mwambie aache shughuli zake juma moja tu ili afahamishwe, hataacha. Ataridhika na dhana zilizo karibu naye, na atachukia kuambiwa kwamba kuna jambo linalohitaji matangulizi mengi. Shauku ya hekima, kwa hesabu ya Musa, ni kitu rahisi kabisa. Kila mtu anayo. Kilicho adimu ni kuvumilia utaratibu wake.

Na huo ndio mtihani aliompa Yusuf. Kijana alitaka kuingia moja kwa moja katika mambo ya Mungu na hoja za watu wa ilimu ya kalamu. Mwalimu akamrudisha nyuma kwenye hisabati na falaki. Ibn al-Qifti, mwanahistoria Mwislamu aliyekuwa rafiki wa Yusuf na aliyeandika wasifu wake katika tarikhi yake ya mahakimu, anasema kwamba Yusuf alikuja Misri na kitabu cha falaki cha Ibn Aflah wa Andalusi, alichokuwa amekichukua kutoka Sabta, na kwamba yeye na Musa walikaa pamoja wakakisahihisha. Mmoja katoka Qurtuba, mwingine Sabta, wote wawili wameondoshwa makwao na siasa ya Muwahhidun waliowabana Mayahudi na Manasara baina ya kusilimu na kuhama; sasa wamekaa Fustat, wanasahihisha makosa ya kitabu cha Mwislamu wa Andalusi kuhusu mwendo wa nyota. Baada ya falaki ikaja mantiki. Ndipo, asema mwalimu katika barua yake, moyo wake ulipomtegemea kijana, akaanza kumdokezea mambo mengine. Yusuf akataka zaidi. Mwalimu akasisitiza aende hatua kwa hatua. Kisha Yusuf akaondoka kwenda Halab, katika nchi ya Sham, darasa halijaisha. Dalalat ni jawabu la kuondoka huko: sura zilizoandikwa na kupelekwa kwake kidogo kidogo, ili aliyekuwa mbali asome kile ambacho angesomeshwa ana kwa ana.

Hapa inafaa kuuliza jambo ambalo vitabu vya falsafa huliruka. Nani aliyelipia masomo haya yote?

Musa hakutaka kula kwa ilimu ya dini. Katika sharhi yake ya Mishna, aliyoiandika kwa Kiarabu akiwa bado kijana, aliwashambulia vikali wanavyuoni wanaotoza watu fedha kwa ajili ya kusoma na kusomesha sharia. Maneno hayo yalikuwa mepesi kuyasema wakati nduguye yu hai. Nduguye aliitwa Daud, naye alikuwa mfanyabiashara wa johari na bidhaa za Hindi. Daud alisafiri na Musa akakaa kitako akisoma. Barua moja ya Daud imebakia. Iliandikwa Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu, kwa Kiarabu katika herufi za Kiebrania, na ilikuwa katika lile rundo la karatasi chakavu za sinagogi la Fustat ambalo Solomon Schechter alilipeleka Cambridge mwaka 1897. Daud anamweleza kaka yake jinsi alivyotoka Qus na kuvuka jangwa bila ya msafara mkubwa, jambo la hatari, na kusalimika, ilhali waliokuwa katika msafara waliporwa na wengine wakafa kwa kiu. Aydhab hakukuta bidhaa ya maana isipokuwa nili. Basi akaamua kupanda chombo kwenda Hindi. Anamtaka Musa asihuzunike na amtulize mke wake.

Daud alizama katika Bahari ya Hindi, pamoja na mali yake, mali ya Musa na mali ya watu wengine, akaacha mjane na binti mdogo. Wasomaji wetu ambao babu zao walisafiri kwa majahazi hawahitaji kuelezwa maana ya habari kama hiyo inapofika nyumbani, wala namna inavyofika: kwa kuchelewa, kwa mdomo wa mtu aliyesikia kwa mtu. Musa aliugua kitandani karibu mwaka mzima. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake wa Akka mwaka 1185 anasema miaka minane imepita na bado hajapata faraja. Alimlea Daud magotini mwake. Alikuwa nduguye na mwanafunzi wake. Na kila anapokuta mwandiko wake au barua yake moyo unageuka. Si vigumu kudhani kwamba karatasi ya Aydhab ilikuwa miongoni mwa hizo.

Baada ya hapo Musa aliishi kwa utabibu. Akawa tabibu wa al-Qadi al-Fadil, waziri wa Salahuddin, na baadaye wa nyumba ya ufalme yenyewe. Yusuf alipofika Misri alimkuta mwalimu katika maisha haya mapya, na Dalalat yote iliandikwa katika saa zilizobakia baada ya wagonjwa. Jinsi saa hizo zilivyokuwa chache twajua kutokana na barua nyingine, ya mwaka 1199, ambayo ndiyo iliyo mashuhuri kuliko zote. Anakaa Fustat, sultani yuko al-Qahira. Kila asubuhi lazima apande mnyama kwenda kumwamkia, na akiwa mgonjwa yeyote katika nyumba ya sultani hurudi mchana umepita. Anafika nyumbani na njaa, anakuta baraza zimejaa watu, Mayahudi na wasio Mayahudi, wakubwa na wanyonge, makadhi na maakida. Anateremka, ananawa mikono, anawaomba radhi wamngojee ale kidogo, mlo wake wa pekee kwa siku. Kisha huwatibu hadi usiku, na mwisho husema nao akiwa amelala chali kwa uchovu.

Barua hiyo aliandikiwa Samuel bin Tibbon wa Lunel, kusini mwa Ufaransa, aliyekuwa akiifasiri Dalalat kwa Kiebrania na aliyetaka kuja Misri kumwona mwandishi. Musa anamwambia: njoo kwa hamu ya kuonana, ukipenda, lakini usitaraji hata saa moja ya faragha ya kusoma nami. Badala yake anamwelekeza vitabu vya kusoma. Katika mantiki, asema, asisome ila vya al-Farabi. Aristotle asomwe pamoja na sharhi zake, na miongoni mwa wenye sharhi anamtaja Ibn Rushd, mzaliwa mwenzake wa Qurtuba, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja tu nyuma. Katika dibaji ya kitabu kingine Musa alikwisha kuweka wazi kanuni yake: ukweli hupokelewa kwa yeyote aliyeusema. Hakuona haja ya kuomba radhi kwa hilo, na Talmud ilikuwa upande wake, maana inamfundisha Myahudi kumshukuru Mungu amwonapo mwenye hekima wa umma mwingine.

Kisa cha Samuel kinastahiki kusomwa polepole na kila familia iliyohama. Baba yake, Yehuda bin Tibbon, alikuwa mtu wa Gharnata aliyehamia Lunel katika kati ya karne ya 12, nchi ambayo Mayahudi wake walikuwa hodari wa Talmud lakini hawakujua Kiarabu. Huko akaanza kuwafasiria vitabu vya Kiyahudi vilivyoandikwa kwa Kiarabu: cha Saadia, cha Bahya juu ya wajibu wa nyoyo, cha Yehuda ha-Levi. Akakusanya maktaba. Na akamwandikia mwanawe wasia, ambao ni nusu mapenzi na nusu manung'uniko. Amemletea mwalimu kutoka mbali, kwa gharama. Amemkusanyia vitabu ili asihitaji kuazima kwa mtu. Na kijana havishughulikii. Miaka saba imepita tangu aanzishwe khatti ya Kiarabu na bado anaikwepa. Baba anamkumbusha kwamba wakubwa wa Kiyahudi wa Andalusi hawakupata vyeo vyao ila kwa khatti hiyo. Kisha anashuka kwenye mambo madogo, na humo ndimo mapenzi yanapoonekana: avikague vitabu vya Kiebrania kila mwezi mwandamo na vya Kiarabu kila miezi miwili, kila rafu iwe na orodha yake, kabati zifunikwe kwa mapazia mazuri zisiingie maji wala panya, akimwazima mtu kitabu aandike jina kabla hakijatoka nyumbani, na kikirudi alifute.

Mtu angedhani baada ya wasia kama huo kwamba Kiarabu kingekufa katika nyumba ile. Haikuwa hivyo. Samuel ndiye aliyeifasiri Dalalat yote, akaimaliza mwishoni mwa Novemba 1204 (mwaka 601 Hijria), wiki mbili kabla ya Musa kufariki. Na Musa, katika barua ile ya 1199, alistaajabu kwamba mtu aliyezaliwa na kukulia katika nchi isiyosema Kiarabu aliweza kukielewa namna ile. Hatujui lini hasa kijana aligeuka, wala kama Yehuda aliishi kuuona mgeuko huo. Wasia haueleweshi, unabaki na manung'uniko yake, na kazi ya mwana inabaki pembeni yake.

Suala la khatti lina upande mwingine. Dalalat iliandikwa kwa lugha ya Waarabu katika herufi za Kiebrania, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili katika herufi za Kiarabu: lugha ya soko na jirani imevaa nguo ya chuoni. Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu na mwanafalsafa aliyefika Misri na kukutana na Musa, anasimulia kwamba Musa alimlaani yeyote atakayekinakili kitabu hicho kwa khatti isiyokuwa ya Kiebrania. Al-Baghdadi hakumpenda. Anakiri fadhila zake, kisha anasema alitawaliwa na mapenzi ya cheo na ya kuwatumikia wakubwa wa dunia, na kwamba kitabu chake kinaharibu misingi ya dini pale anapodhani kinaitengeneza. Kama laana ile ilitamkwa kweli, basi haikufua dafu. Dalalat ilinakiliwa kwa khatti ya Kiarabu, na katika karne ya 13 Mwislamu mmoja, Muhammad al-Tabrizi, aliandika sharhi ya zile kanuni 25 za wanafalsafa zinazofungua sehemu yake ya pili. Lakini laana yenyewe inaeleweka. Ni woga ule ule wa asali: kitabu kisije kikaangukia mikononi mwa mwenye shauku asiye na matangulizi.

Mayahudi wenyewe ndio waliogombana zaidi juu yake, na sababu si ngumu kuiona. Karibu na mwisho wa kitabu Musa anatoa mfano wa sultani katika kasri lake. Watu wengine wako nje ya mji kabisa. Wengine wamo mjini, lakini wameipa kasri mgongo. Wengine wanaitafuta, hawajauona hata ukuta wake. Wengine wamefika, wanaizunguka wakitafuta mlango. Na hao, asema Musa, ndio mafakihi, wanaoshika sharia kwa mapokeo bila ya kuchunguza misingi ya imani. Walioingia ndani ni wale waliosoma maumbile na ilimu ya Mungu kwa dalili. Fikiria kuwa wewe ni fakihi wa Kiyahudi wa karne ya 13, umemaliza umri wako katika Talmud, na unaambiwa kuwa unazunguka ukuta. Mwenye kusema hivyo, isitoshe, si mtu wa nje. Ni yule aliyeipanga sharia yote ya Kiyahudi katika vitabu 14, na kitabu cha kwanza kati ya hivyo akakiita Kitabu cha Maarifa, na ndani yake akasema kwamba mapenzi ya mtu kwa Mungu huwa kwa kadiri ya maarifa yake, yakiwa machache ni machache na yakiwa mengi ni mengi.

Na walioingia kasrini wanafanya nini? Hapo Musa anatumia maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyahifadhi yote: mahaba na ashiki. Ashiki, anaeleza, ni mahaba yaliyozidi, hata katika moyo hakubaki wazo la kitu kingine ila mpendwa. Huyo ndiye mwenye hekima aliyefika. Anazungumza na watu, anafanya kazi yake, na moyo wake uko barazani kwa mfalme. Ni ajabu kuyasoma haya kwa mtu aliyeanza kwa kuitilia shaka shauku ya kijana. Lakini hakuna mgongano. Alichokitilia shaka ni ashiki inayotangulia maarifa. Inayoyafuata ndiyo aliyoiona kilele cha ubinadamu. Wala hakuishia hapo. Katika kurasa za mwisho kabisa, baada ya kuhesabu ukamilifu wa mali, wa mwili, wa tabia na wa akili, anamrejea Nabii Yeremia, na kusema kwamba aliyemjua Mungu hurudi kwa watu na huruma, haki na uadilifu, kwa kuwa hizo ndizo njia za Mungu alizozijua. Mwenye kuyaandika hayo ndiye yule aliyekuwa akiwatibu watu hadi usiku.

Ugomvi ulipamba moto miaka ya 1230 huko Montpellier, ambako inasemekana vitabu vyake vilitiwa moto na makasisi baada ya Mayahudi wapinzani kuwashitakia. Ukazuka tena mwaka 1305. Shlomo bin Adret, mwanachuoni mkubwa wa Barcelona, pamoja na wenzake walipiga marufuku kusoma vitabu vya Wayunani vya maumbile na ilimu ya Mungu kwa yeyote aliye chini ya umri wa miaka 25, na marufuku iendelee kwa miaka 50. Utabibu ulitolewa nje ya marufuku. Mwaka uliofuata mfalme wa Ufaransa aliwafukuza Mayahudi wa nchi yake, na miji mingi iliyokuwa ikibishana ikabaki bila wabishani. Wanahistoria huieleza marufuku ile kama ushindi wa wapinzani wa Musa, na kwa namna moja ilikuwa hivyo. Mimi naona pia kwamba wote waliogopa jambo moja. Bin Adret aliifungia shauku ya vijana mlango mpaka wakue. Musa aliipa falaki na mantiki ya kushughulika nayo njiani. Tofauti ni kwamba mlango wa Bin Adret ulimhesabia mtu miaka yake, na Musa alimhesabia vitabu alivyosoma.

Na Yusuf je? Ibn al-Qifti anasema alikaa Halab, akaoa, akasafiri kwa biashara Iraki na kuingia Hindi, ile bahari iliyommeza Daud, akarudi salama na hali yake ikatengenea. Kisha akaacha safari, akanunua milki, na watu wakamjia kusoma kwake. Akawa miongoni mwa matabibu wa Halab. Yeye na Ibn al-Qifti, Myahudi na Mwislamu, walikuwa wakijadiliana juu ya roho na kubakia kwake baada ya mauti, na wakaahidiana kwamba atakayetangulia kufa atamjia mwenzake na kumpa habari. Yusuf akafa mwaka 1226. Miaka miwili ikapita kimya. Kisha Ibn al-Qifti akamwona usingizini, amekaa katika uwanja wa msikiti, amevaa nguo nyeupe mpya. Akamkumbusha ahadi. Yusuf akacheka na kugeuza uso. Ibn al-Qifti akamkamata mkono, akamwambia hana budi kumweleza alichokikuta. Ndipo Yusuf akamjibu kwa istilahi za mantiki alizofundishwa Fustat, kwamba kilicho cha jumla kimerejea kwenye jumla, na kilicho cha sehemu kimebaki kwenye sehemu. Ibn al-Qifti anasema alipoamka alifahamu: roho imekwenda kwenye ulimwengu wake, na mwili umebaki ardhini.